Uji Ndani ya Rejeta

Pikapu ya kijiji chetu cha ujamaa ilikuwa mali ya wote, na hilo ndilo lililokuwa balaa lake. Tulihamishwa kutoka vilima vya Mamboya tukawekwa kando ya barabara ya Mikumi kwenda Kilosa, tukapewa shamba la wote, duka la wote na ile pikapu kuukuu. Dereva alikuwa mume wangu. Waganga wa pikapu yenyewe walikuwa kijiji kizima.

Siku ile nyuma ya pikapu, juu ya godoro la sufi, alilala mdogo wangu, tumbo moja. Uchungu ulimshika tangu jana yake. Mkunga wetu, mama asiyependa kushindwa, asubuhi alikubali kwamba ameshindwa: mtoto amekaa vibaya, apelekwe hospitali Kilosa. Nilipanda naye nikiwa na unga wa mtama niliousaga kwa mkono wangu, nimeufunga kwenye kanga. Ulikuwa wa uji wake wa uzazi. Kwetu mwanamke haendi kujifungua bila unga wake.

Hatukufika mbali, mvuke ukafuka mbele. Mume wangu akasimamisha gari, akafungua boneti, akangoja injini ipumue.

"Maji yamo," alisema. "Mkanda wa feni mzima, pampu nayo haina neno."

Akagusa juu ya rejeta, akarudisha mkono upesi. Akagusa chini, akauacha mkono hapohapo.

"Juu moto, chini baridi. Maji hayapiti, mke wangu. Humu ndani kuna kitu kimeziba."

Akafungua koki ya chini. Kimya. Akachokonoa kwa waya, ndipo ukaanza kutoka uji. Sitanii. Uji wa mahindi, mzito, wenye rangi ya kutu. Aliukinga kiganjani akaja kutuonyesha, kwa kuwa mwenyewe hakuyaamini macho yake.

Mdogo wangu akainua kichwa, akautazama, akacheka, na uchungu wote ule.

"Dada, gari limeninywea uji wangu."

Nikateremka na debe kwenye mto uliokuwa bondeni chini ya barabara, nikapanda, nikateremka tena. Mume wangu alimimina maji, akachokonoa, akamimina. Kila mabonge yalipotoka nilimpigia mdogo wangu kelele kwamba tunakaribia kuondoka, naye aliitikia, "Haya, dada." Kisha nikapiga kelele asiitikie. Nililiacha debe njiani nikakimbia. Damu ilikuwa imeloanisha godoro lote. Alifariki na mtoto wake tumboni, mkono wake mikononi mwangu, na nikiandika haya bado nalia.

Pikapu ilipona. Ilitufikisha Kilosa bila kuchemka hata kidogo, nikaichukia kwa hilo.

Baada ya mazishi mwenyekiti aliitisha mkutano akauliza ni nani aliyetia unga kwenye rejeta. Akasimama mzee mmoja: aliona inavuja, akatia konzi ya unga uive uzibe tundu, kama madereva wa mashamba ya mkonge walivyokuwa wakifanya. Akasimama mwingine: naye alitia, hakujua kwamba mwenzake alishatia. Kisha wa tatu, kisha mama mmoja aliyetia unga na manjano juu. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Walisimama wakilia, kila mmoja akiwa ameitunza mali ya wote kwa unga wa nyumbani kwake. Laiti angekuwepo mwovu mmoja tu, nimchukie nipumue! Wote walikuwa wamelichimba lile kaburi, na wote walimlilia pamoja nami.

Ule unga wa mtama ulipikwa msibani, maana chakula hakitupwi. Mimi sikuunywa.

Mpaka leo jirani akijifungua, wenzangu hubeba unga, mimi hubeba mchele. Wanasema najidai. Mwaka jana mkwe wangu alijifungua salama hospitali ileile ya Kilosa, tuliporudi nyumbani akaniambia, "Mama, natamani uji." Niliinjika sufuria, maji yakachemka, nikashika mwiko. Kisha nikamwita jirani aje akoroge.