Kitako cha Mbao ya Mtumbwi

Bunduki ya baba ilikuwa na pete kubwa ya chuma chini ya kifyatulio. Unaisukuma mbele, unairudisha, kra-kra, na mlio huo ndio uliotuamsha sisi watoto kila alipoisafisha asubuhi mlangoni. Aliirithi kwa babu, ambaye aliipata kwa mzungu wa mashamba ya pamba. Nilikuwa mdogo baba alipoteleza nayo kwenye mawe ya mto, kitako kikavunjika. Hakulalamika. Alikwenda Lweba, ufukweni, akarudi na ubao wa mtumbwi mkuukuu, akauchonga mpaka ukakaa sawa, akaukaza kwa misumari ya shaba ya mtumbwi uleule. Baadaye ofisi ya teritwari, serikali ya wilaya yetu, iling'oa pini yake, isiweze kupiga tena, lakini yeye aliendelea kuisafisha. Hata leo nikipita wanapotengeneza mitumbwi, harufu ya lami ya moto inanirudisha gotini kwake, na nina hamu naye hadi ninaumia.

Vita ilipotukimbiza ng'ambo ya ziwa, baba aliipeleka bunduki milimani, upande wa Minembwe, kwa rafiki yake mfugaji, aliyezoea kutuletea maziwa ya mgando na kurudi juu na samaki wakavu. Wakati huo watu wa milima na sisi wa ziwani tulikuwa hatutazamani vizuri. Wao wawili, vichwa vigumu, hawakuacha.

Baba alifia kambini, Tanzania. Tuliporudi kwetu Baraka, mfugaji aliteremka kwa miguu, akamkabidhi mama bunduki iliyoshonewa ndani ya ngozi ya ng'ombe. Ngozi ilikuwa imekauka ikakaza, huoni kitu isipokuwa mdomo na ile pete. Alikunywa chai, akalia kidogo, akaondoka.

Hata vumbi lake halijatua, baba mdogo akaanza.

"Shemeji, kata tuone. Bunduki ya yaya, mukubwa wangu, ilikuwa ya bei. Ule mutu aliuzisha, akakuletea ingine."

"Hii ngozi ni ye alishona," mama akajibu. "Mi nikikata, ni kusema ye ni mwizi."

"Lisemwalo lipo, shemeji."

Kwetu, amana aliyoifunga rafiki kwa mkono wake haifunguliwi bila yeye. Ukiifungua, umeshamshitaki. Basi bunduki ikatundikwa juu ya kitanda cha mama, na baba mdogo akapata wimbo wa kuimba kwenye kila matanga na kila harusi. Mimi nilimchukia kwa wimbo ule, na mama nilimkasirikia kwa kunyamaza, maana alijua vizuri kwamba kukitazama kitako tu kungemaliza maneno. Siku moja nikamwuliza kama anaogopa kukuta mbao nyingine. Akasema, "Naogopa sana."

Mwaka jana mzee mmoja aliyeishi Ubelgiji, kazi yake kukagua bunduki za kale, alikuja Baraka kumzika dada yake. Aliposikia habari ya pete ya chuma, akaomba kuiona. Mama akatuma ujumbe milimani kwa mwenye pikipiki: shemeji aje akate mwenyewe. Mfugaji naye alikuwa shemeji kwake, sawasawa na baba mdogo, na hilo baba mdogo hakulipenda.

Mfugaji akafika ameshika kiuno, maana pikipiki haihurumii wazee. Baba mdogo alikuwa ameshachukua kiti cha mbele. Mama alikataa kutazama. Alikaa ametupa mgongo, akichambua sombe, majani ya muhogo, huku kisu cha mfugaji kikikata uzi mmoja baada ya mwingine.

Ngozi ilipofunguka, mimi sikuona lolote. Moshi na mafuta vilikuwa vimeifanya mbao yote nyeusi. Mkaguzi akavaa miwani. Namba ya chuma cha juu na ya chini zililingana. Vichwa vya skrubu havikuwa vimechubuliwa. Ile rangi ya kahawia kwenye mtutu akatukataza kuisugua, kwamba ndiyo uzee wenyewe na ndiyo bei. Alikuwa akitabasamu. Kisha akafika kwenye kitako, akakipangusa kwa kitambaa, tabasamu likaisha.

"Mama, pole sana. Chuma ni cha kwanza chote. Lakini hiki kitako hakikutoka kiwandani. Mutu alikichonga na mbao ya mutumbwi, akatia na musumari ya shaba. Hapo bei imekufa."

Mama akaacha sombe.

"Papa, rudia kidogo."

Mkaguzi alidhani hakuelewa, akarudia polepole. Baba mdogo akatazama viatu vyake. Mama akaja, akapapasa kitako mpaka kidole kikakuta kichwa cha msumari, akakiacha hapo. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na mimi pia.

"Nilishona sababu ilianza kupasuka," mfugaji akasema. "Nilisema, mbao ya maji haitaweza baridi ya kwetu." Akamgeukia mama. "Lakini ile myaka yote, kwa nini hamukukata?"

"Tulikuwa tunakungoja, shemeji."

Mkaguzi alipoaga, mama akaleta beseni la maji, akailoweka ngozi ilainike, akatafuta sindano kubwa. "Shona tena," akamwambia mfugaji. Kisha akamwita baba mdogo aje aishike bunduki, isicheze wakati inashonwa. Akaja, akaishika kwa mikono miwili mpaka uzi wa mwisho.