Kilo za Mzee Masoudi

Winfrida anafanya kazi kwenye duka la steshenari, Nachingwea mjini, na ufundi wa kutengeneza kurasa za mtandao kajifunza mwenyewe kwa simu. Wakulima wa kijiji kimoja huko Ruangwa walipomwomba ukurasa wa kujumlisha kilo za korosho, binti alivimba kichwa, tusifichane.

Ukurasa ulikuwa na visanduku viwili, cha daraja la kwanza na cha daraja la pili, na kitufe cha kujumlisha. Aliujaribu kwa korosho za kwao. Sasa, kwao daraja la pili haliendi ghalani; mama yake hulichambua lote akalibangua nyumbani. Basi kisanduku cha pili akakiacha kitupu, jibu likaja sawa, akaridhika.

Siku ya kuuonyesha, mbele ya kijiji kizima, aliitwa Mzee Masoudi, msoma mizani wao wa miaka mingi. Mzee akaandika arobaini, kisha thelathini na tano, akabonyeza. Ukurasa ukajibu: kilo 4035.

"Babu, umekosea kuandika," Winfrida akadakia, wala hajaangalia. "Macho hayo!"

Watu wakavunjika mbavu. Mzee akacheka nao, akarudi kukaa.

Kesho yake dukani Winfrida akafungua maagizo aliyoyaandika. Fankisheni yake, yaani kile kipande kinachofanya hesabu, ilikuwa inapokea kilo kama maandishi, kwa sababu hakuiambia kwamba ni namba. Kwa hiyo haikujumlisha. Iliunga tu, 40 halafu 35. Kosa la mtu aliyeanza kujifunza jana! Akalirekebisha huku uso unamwaka, na akanyamaza. Alinyamaza mpaka aliposikia kwamba mizani ya kijiji amepewa mtu mwingine, maana mzee haoni vizuri.

Hapo akapanda bodaboda hadi Ruangwa, akamkuta mzee uani anachambua korosho.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Babu, siku ile uliandika sawasawa. Kosa lilikuwa langu, nikakutupia wewe mbele za watu. Nisamehe. Nitawaambia wote."

Mzee akaendelea kuchambua.

"Nilikwenda hospitali kupima macho," akasema. "Daktari akasema mazima."

Winfrida akashusha pumzi.

"Nikamwomba apime tena."