Mipaka Minne na Maji ya Jumatatu

Hakuna kitu cha kunishangaza mie. Nimekuwa nikisema hivyo tangu nina miaka ishirini na tano, na leo mvi zimeshaingia kidevuni sijaona sababu ya kubadilisha maneno. Nimetoka Unguja na sanduku moja la mbao, ndani yake kanzu mbili na birika la mama. Nimebeba saruji mgongoni bandarini Matrah, Oman, usiku nikailalia hiyohiyo mifuko. Kisha nikapata lori, kuukuu, breki zake ukizikanyaga asubuhi zinakamata adhuhuri. Hilo likazaa la pili, la pili likazaa la tatu, mpaka yakawa manne. Na skuli nilifika darasa la nne tu, kwa hivyo kila darasa limenipa lori moja. Waliofika chuo kikuu wahesabu wenyewe. Nimepeleka mchanga Nizwa na mabati Sur, nikarudi na papa mkavu wa Ashkhara, harufu yake ikanifuata mpaka Fanja. Njia za nchi hii kabla hazijatiwa lami nazijua kwa makalio.

Basi mtu kama huyo utamshangaza na nini? Sikiliza.

Utotoni kwetu, nyumba ya Malindi ya Unguja, mama alikuwa na maneno yake ya kuchagulia mchele. Anakaa kwenye mkeka, ungo mapajani, vidole vinatoa mawe na mdomo unakwenda: "Mashariki wadi. Magharibi ukuta wa msikiti. Kaskazini mitende ya wakfu. Kusini njia ya punda, hapo Ibra ya juu inakwisha na Ibra ya chini inaanza. Na maji ya Jumatatu, athar mbili, jua likichomoza." Wadi ni bonde la mto mkavu, na athar ni kipimo cha maji cha Waomani, moja ni kama nusu saa ya zamu. Lilikuwa shamba la babu yangu, baba yake mama. Aliondoka Ibra, huko Oman, kijana mbichi, akamuuzia nduguye shamba lote apate nauli na mtaji, akafia Unguja bila ya kuliona tena. Mama alizaliwa Unguja, Ibra hajapata kuitia machoni. Lakini mipaka ile alimezeshwa na babake kama anavyomezeshwa mtoto Alhamdu, naye akatumezesha sie. Tulikuwa tunashindana nani ataimaliza kwa pumzi moja. Mie nilikuwa nawashinda wote, hilo ulijue.

Tulipohamia Oman mwanzo wa miaka ya sabini, mama alikuwa keshaanza kuumwa magoti na moyo. Hakuniomba dhahabu wala hakuniomba nyumba. Alisema, "Mwanangu, babu yako alipanda mtende wa khunaizi ukutani pa msikiti. Ningependa kuzila tende zake palepale, chini yake, mara moja, kabla sijaenda." Nikamwambia, "Mama, hilo tu? Nipe muda nipate lori la nne."

Lori la nne nikalipata. Nikampakia mama kwenye gari ndogo niliyoazima kwa rafiki, tukaenda Ibra. Wallahi, nikikumbuka siku ile kifua hunijaa. Gari ilisimama kwenye wadi, mama akateremka kabla sijamfungulia mlango, na yule bibi asiyepanda ngazi akatangulia mbele yangu. "Huu wadi," akasema. "Basi msikiti uko kule." Ukawa kule. Mitende ya wakfu, ipo. Njia ya punda ipo, ila siku hizo punda wanasukumana na gari za pikapu. Vita vya wazee wa Ibra ya juu na wa Ibra ya chini vimekwisha zamani, magofu ya minara yamejaa njiwa, lakini mpaka umekaa palepale alipouacha babu, nao mtende wa khunaizi umesimama, mrefu, umeinama kidogo upande wa msikiti kama mtu anayesikiliza khutba. Mama aliushika kwa viganja viwili. Mie nikajidai naangalia tairi.

Shamba wakati huo lilikuwa la mjomba, mtoto wa yule nduguye babu. Alikuwa mzee mkavu, mwenye mzaha wa chini chini. Ujana wake aliuza duka Mkokotoni miaka kumi na mbili, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Tukaelewana bei siku ileile, tukaenda kwa katibu wa kuandika hati.

Sasa nisikilize nilivyokuwa mwerevu. Unguja, kila mtu anajua, ardhi mbali na miti mbali. Unaweza kuuziwa kiwanja, kesho akaja mtu akapanda mnazi wako akaangua nazi, ukimuuliza anakwambia miti haikuwamo. Mie hilo nilikuwa macho. Nikamfanya katibu aandike mipaka minne, nikiisoma kwa kichwa, wazee waliokaa pale wakastaajabu. Kisha nikamwambia, andika na miti. Nikamhesabia mmoja mmoja, mitende arubaini na tatu na mindimu mitano. Katibu akaweka kalamu, akaniangalia, akauliza, "Na maji?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Andika nilichokwambia bwana, usinifundishe kununua shamba."

Mjomba alikuwa amekaa pembeni anakunywa kahawa yake. Akajimiminia kikombe cha pili.

Nikatengeneza ukuta, nikasafisha mifereji midogo ya shambani, nikamchukulia mama chumba cha kukodi jirani. Khunaizi ilikuwa imeshabeba, mashada manane, tende bado kijani. Nikamwambia mama asubiri Jumatatu aone maji ya babake yanavyoingia.

Jumatatu alfajiri nikasimama kwenye mlango wa mfereji wangu na jembe begani. Maji ya falaji, ule mfereji mkubwa wa wazee unaotoka chini ya ardhi huko mlimani, yakaja yanameremeta, yakafika mbele ya miguu yangu, yakanipita. Yakaingia shamba la mtu mwingine.

Nikaenda kwa arifu, mzee anayegawa zamu za maji. Alikuwa kwenye kiwanja chake kilichosimikwa mti katikati na mawe yamepangwa pembeni. Kivuli cha mti kikivuka jiwe, zamu ya mtu imekwisha. Kiarabu changu siku zile kilikuwa cha kubebea saruji, lakini nikamkabili.

"Maji yangu yako wapi?"

"Wewe nani?"

"Mwenye shamba la ukutani pa msikiti."

"Shamba nalijua," akasema, macho kwenye kivuli. "Ardhi yake yako, nimesikia. Maji yake si yako."

Akanitajia mwenyewe. Mjomba. Kayakodisha kwa jirani.

Nikaenda kwa mjomba mbio, nimechafuka matope mpaka kwenye kofia.

"Shikamoo."

"Marahaba. Kaa, kahawa i moto."

"Sikuja kunywa kahawa."

"Basi kula tende. Kula sana, za kwako mwaka huu sizioni."

"Mjomba, umeniuzia shamba bila ya maji!"

"Nimekuuzia ulichoandika. Katibu alikuuliza mbele yangu, na maji? Ukamjibu nini?"

Nikakaa.

"Nikasema loo, huyu mpwa wangu tajiri wa malori manne, bila shaka keshanunua athar zake kwa mtu. Hapa watu hufanya hivyo, maji huuzwa peke yake na ardhi peke yake. Mie nani nimuulize bwana mkubwa maji yake anatoa wapi?"

"Lakini Unguja..."

"Unguja kuna mvua, mwanangu. Nimekaa, najua. Kule Mwenyezi Mungu anamwagia shamba la mwerevu na la mjinga sawasawa. Hapa mjinga hukauka."

Akanitajia bei ya athar mbili. Nikainuka bila ya kuaga. Ilikuwa zaidi ya ardhi na miti na ukuta kwa pamoja.

Sasa mtu mwenye malori ananunuaje maji ya kejeli? Nikalifungia tangi lori langu la kwanza, lile la breki za adhuhuri, nikawa nachota kisimani njia ya Bidiya na kwenda kumwaga mwenyewe. Mlango wa shamba mwembamba, lori likiingia linakwaruza ukuta wa msikiti, nikaubomoa kipande, nikaujenga tena kwa pesa zangu. Maji ya lori yanamwagika yanazama, kama kumpa mtu mwenye kiu tone la maji. Mtende unataka ufurikiwe, mizizi ikae ndani ya maji ishibe. Majirani walipanda juu ya kuta zao kunitazama kama sinema.

"Bwana wa Zinjibar! Leo unaiosha mitende?"

"Usisahau sabuni!"

"Na masikio, msugue na masikio!"

Nikajifanya sisikii Kiarabu. Joto likazidi, lile la Ibra linalopiga mawe mpaka yakalia. Jumatatu ya tatu nikakuta tende za khunaizi zimeanguka chini, kijani, zimesinyaa. Mashada manane yamebaki matano. Mama nilimficha, namwambia njia mbaya, jua kali, subiri ziive. Lakini bibi yule alikuwa na miguu yake ya ajabu siku za shamba. Siku moja nageuka namuona amesimama mlangoni, mkeka kwapani.

"Leo siku gani?" akauliza.

"Jumatatu, mama."

"Mbona mfereji mkavu?"

Nikamwambia yote, na katibu, na mjomba, na sabuni. Alikuwa ameinama anaokota zile tende zilizoanguka, anaziweka kwenye ncha ya mtandio kama mayai. Hakunikaripia. Angenikaripia ingekuwa rahisi.

"Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiyasema yote matano kwa pumzi moja," akasema.

"Nilijua ukiwa na shamba unayo na maji yake, mama."

"Babu yako aliliuza na yote matano. Usimrudishie manne."

Kisha akatandika mkeka chini ya khunaizi, akakaa, akaegemea. Nikamuona pumzi zake zinavyopanda fupifupi, nikajua bibi huyu hana kiangazi cha mwakani mfukoni.

Siku ya pili nikaliteremsha tangi, nikaliendesha lori langu la kwanza mpaka Sur, nikaliuza kwa mtu aliyekuwa akilitaka tangu zamani. Sikulitazama nyuma. Nikaongeza na pesa nilizoweka za kununulia la tano, nikaenda kwa mjomba. Nilitegemea atapandisha. Hakupandisha hata besa. "Bei ni ileile," akasema. "Kejeli nimekupa bure." Akatoka na mkongojo wake mwenyewe mpaka kwa arifu, akasema mbele ya watu, athar mbili za Jumatatu, jua likichomoza, zimerudi ukutani pa msikiti. Arifu akatikisa kichwa kukubali. Hakuandika popote, na mpaka leo hakuna aliyebisha.

Jumatatu iliyofuata maji yakaingia. Mama alikuwa ameshafika, ameweka miguu ndani ya mfereji mpaka kwenye vifundo, anaisema mipaka polepole, na alipofika kwenye maji akanyamaza akayaacha yaseme yenyewe. Khunaizi ilishika mashada matatu. Tende zilipoiva nyekundu, mjomba aliuacha mkongojo chini akapanda mwenyewe kuzishusha, mzee yule, akakataa katakata nisipande mie. "Wewe bado unanuka dizeli, utaziharibu," akasema. Mama alikula tende saba. Kokwa zake alizifunga kwenye mtandio, nami ninazo.

Siku hizi arifu mwengine anagawa maji kwa saa ya mkononi, na njia ya punda imetiwa saruji. Mama na mjomba wote wamelala makaburini, mmoja Ibra ya juu, mmoja Ibra ya chini, mpaka umewapitia katikati. Mie hukaa chini ya khunaizi Jumatatu nikisikiliza maji. Watu wananijua, kila nilichonacho hutangaza bei yake, nyumba, malori, hata meno ya dhahabu. Bei ya yale maji tu ndiyo sijapata kumwambia mtu, si mke wangu wala wanangu. Leo nasema, kwa sababu wajukuu wameanza kuuliza shamba hili lilinunuliwaje. Ardhi ni hesabu nyingine. Athar mbili za Jumatatu, jua likichomoza, zilinigharimu rial elfu tatu mia mbili na sabini na tano.