Kadi za Bwawa Stars

Kila Jumamosi saa sita mchana, Nashon Osewe alinawa mikono mara mbili: kwanza kwa mafuta ya taa, kutoa gundi, halafu kwa sabuni ya kipande. Alikuwa fundi wa viatu huko Silanga, na hata chai aliinywa na mikono michafu. Ila kadi za wachezaji hakuzigusa hivyo.

Alizitunza ndani ya mkebe wa biskuti, chini ya kiti chake. Kila kadi ilikuwa na picha ya mchezaji na muhuri wa ligi, nusu juu ya picha, nusu juu ya karatasi. Bila kadi, refa hakumruhusu mtu kuingia uwanjani. Bwawa Stars walimwamini Nashon kwa sababu hakunywa pombe, na kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kwenda. Mkewe Filister alikuwa amefariki mwaka wa tisini na moja. Chumbani kwake, mtaa wa Raila, alirudi kulala tu.

Timu yenyewe ilijaa wachezaji wenye majina. Khamala, mshambuliaji, alikuwa ameitwa na vilabu vikubwa kufanya majaribio mara mbili. Watu walitoka Ayany na viti vyao kuja kumtazama. Lakini timu nne za kwanza ndizo zilizoingia mtoano, na kila mwaka Bwawa Stars walikuwa wa tano. Wa tano, au wa sita. Mashabiki wa Kawangware waliwaimbia: "Nyota za mchana! Hazionekani!"

Mwaka wa tisini na sita walihitaji sare moja tu ili waingie mtoano, mechi ya mwisho, huko huko Kawangware. Mvua ya Novemba ilikuwa imeingia mkebeni na picha nne zilikuwa zimebanduka. Ijumaa Nashon alizibandika upya kwa gundi ya viatu, akazikandamiza kwa mpini wa nyundo. Nilikuwa nimeketi pale nikingoja kiatu changu. Aliniinulia moja.

"Mwalimu, hii sasa hata mafuriko hayaitoi."

Niliisifu. Sikuona, wala yeye hakuona, kwamba nusu mbili za muhuri hazikukutana tena.

Refa aliona. "Picha zimebadilishwa hizi."

"Ref, si huyu ni Khamala! Hata mamako anamjua!" kocha Gerishon alipiga kelele.

"Mimi najua muhuri. Sura sijui."

Wanne walikaa nje, Khamala akiwa mmoja wao. Tulifungwa bao moja, dakika ya themanini na kitu. Gerishon alikuja tulipokuwa tumesimama, akauchukua ule mkebe kutoka kwapani mwa Nashon.

"Mzee, rudi kwa viatu vyako."

Baada ya hapo hakuna aliyemtukana. Nadhani matusi yangekuwa afadhali. Wachezaji walianza kupeleka viatu kwa fundi mwingine, na wakipita kwake walizungumza wao kwa wao. Jumamosi saa sita bado alinawa mara mbili, kisha akaketi na mikono juu ya magoti mpaka ikakauka, akisikiliza kelele za uwanjani. Nilimuuliza mbona haendi kutazama.

"Watasema nimewaletea mkosi."

Mwaka wa tisini na nane nilihamishiwa shule moja ya Kawangware. Sikurudi Silanga tena, na niliposikia habari zake, alikuwa ameshazikwa kwao Gem. Mwaka ule niliohama, Bwawa Stars walikuwa wa tano. Uliofuata, wa tano tena. Nami sikuwa na habari ya kumpelekea.

Siku ya kuhama nilikuwa nimepitia kwake kuchukua sandali. Alizifunga kwenye gazeti polepole, kamba mara mbili, akanipa bila kuinua macho.

"Mwalimu, mechi za mwisho huchezwa huko unakoenda. Wakiingia mtoano, njoo uniambie wewe. Hawa wa hapa watasahau."