Kabureta ya Pikapu ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alikuwa akinunua dagaa visiwani Muleba na kuwaleta sokoni Bukoba kwa pikapu kuukuu tuliyoachiwa na baba. Siku aliyozama, gari lilikuwa limeegeshwa mwaloni, mitumbwi inapofikia kando ya ziwa, likimsubiri. Mtumbwi ulipinduka, wenzake wakaokolewa, yeye hakuonekana. Wavuvi walimtafuta mpaka wakakata tamaa. Rafiki yake mmoja akalileta gari nyumbani Kibeta, akamkabidhi mama ufunguo kwa mikono miwili, akaondoka bila kunywa hata maji.

Padri alimsomea misa. Lakini kwetu mtu huzikwa kibanjani, kwenye migomba, kando ya waliomtangulia, na sisi hatukuwa na wa kuzika. Mama akakataa kumwita marehemu. Gari likakaa uani masika na vuli, kuku wakitagia chini yake.

Mwaka huu niliamua kulifufua, maana ndizi zilikuwa zikituozea kwa kukosa usafiri. Nilichaji betri, nikatia petroli mpya, injini ikakohoa tu. Nikampigia simu fundi wa Rwamishenye.

"Dada, hiyo ni kabureta," aliniambia. "Petroli ikikaa sana inakuwa gundi. Ifungue uioshe, ila usichokonoe jeti kwa waya, utapanua tundu lake la kupitishia petroli."

Asubuhi niliifungua, nikatandika gunia barazani. Ndani, mafuta yalikuwa yameganda rangi ya asali, na floti, kile kiboya cha kupimia petroli, imenata pembeni. Nililoweka vipande kwenye beseni la petroli, nikavisugua kwa mswaki, nikapuliza jeti kwa pampu ya baiskeli mpaka nikaona mwanga upande wa pili. Ndani ya beseni, chini kabisa, ulibaki mchanga laini uliokuwa umeishika kabureta kwa nje, mchanga wa mwaloni. Nikaumwaga haraka kabla mama hajauona.

Mchana niliirudisha na gasketi mpya, nikabana nati, nikawasha. Injini ikakataa, ikakataa tena, kisha ikashika.

Mama alitoka jikoni mbio, mikono imejaa utomvu wa ndizi. Alikuwa anatabasamu.

"Mwana wange," alisema, "mbona umechelewa hivi?"

Akafika kwenye mlango wa gari, akaniona. Lile tabasamu halikumtoka mara moja.

"Ni mimi, mama."

"Naona."

Nikashika ufunguo nizime. Akanizuia. "Acha lingurume kidogo." Akaegemea boneti, akafumba macho, akasikiliza.

Wiki ile kila jioni aliniomba niliwashe. "Najua si yeye," aliniambia siku moja, wala sikuwa nimemuuliza kitu. "Masikio ndiyo hayajajua."

Jumapili, tulipotoka kanisani, akasema nimpeleke Muleba. Kule mwaloni alivua viatu, akaingia majini hadi vifundoni, akamwita mwanawe kwa jina lake la utotoni. Hakupaza sauti, alimwita kama mtu anayeitwa aje kula. Wanawake waliokuwa wakianika dagaa waliinuka wakamtazama. Aliita, akangoja, akaita tena. Kisha akarudi kwangu, pindo la kitenge likichuruzika.

"Twende," alisema. "Tukamchimbie pake."

Tulizika koti lake karibu na baba. Mama alisawazisha udongo kwa viganja, akainuka, akaenda kumenya ndizi za waliokuja kutusaidia. Mimi nilibaki. Tangu habari ile itufikie nilikuwa mtu wa kupokea wageni, wa kumshika mama, wa kuongea na mafundi. Nikapiga magoti kwenye ule udongo mbichi, nikamlilia mdogo wangu mpaka sauti ikakauka. Mama alinisikia kutoka jikoni. Hakuja kuninyamazisha.