Pampu ya Maji ya Gari la Baba

Mpira ulioungua, ukichanganyika na pumba mbichi za mpunga, una harufu ambayo sijaikuta popote pengine, na nimekaa katika miji mingi. Masika yale nilipokuwa darasa la tano, harufu hiyo ilitoka chini ya boneti ya pikapu ya baba kila tulipoingia kwenye tope la njia ya Mofu kwenda Mbingu. Baba alilinunua gari lile likiwa limekwisha kuchoka, akalipaka rangi ya bluu kwa mkono wake mwenyewe, na kijijini hakukuwa na jingine lililothubutu kutoka wakati mto umejaa. Lilibeba magunia ya mpunga, matenga ya samaki, wagonjwa, na mara moja kinanda cha kanisa. Na lilikuwa linalia. Baba akiliwasha tu asubuhi, mkanda wa feni ulitoa mlio mwembamba, mkali, kama nguruwe anayefungwa miguu, na mbwa wa kijiji kizima wakaitikia.

"Baba Adela, mke mdogo ameamka!" abiria walimtania. "Umemnyima nini leo?"

"Mnunulie kanga, atanyamaza," mwingine alidakia kutoka juu ya magunia.

Adela ni mimi. Leo nina diploma ya ufundi wa magari, niliyoisomea kwa vibarua vyangu mwenyewe, bila mjomba wala mfadhili, na gereji yangu hapa Ifakara ina jina langu juu ya mlango. Nayasema bila kuona haya, maana hakuna aliyenipa. Mlio kama ule haunisumbui. Nafungua mkanda, nawasha injini kidogo tu bila huo mkanda. Kelele zikitoweka, najua mgonjwa ni mkanda wenyewe au kimojawapo cha vile unavyovizungusha: alteneta, pampu ya maji, pampu ya usukani. Nazima, nashika puli moja moja, vile vigurudumu vinavyopitiwa na mkanda, naizungusha, naitikisa. Puli nzima huteleza kimya na haichezi. Yenye beringi iliyokufa hukwaruza vidoleni kana kwamba imejaa mchanga. Chai yangu haijapoa, jibu ninalo. Watu wanatoka mpaka Mkula kuniletea magari ambayo mafundi wengine wameshayabadilishia kila kitu isipokuwa kile kibovu.

Wakati ule hakuna aliyeshika puli. Njia yetu ilikuwa na desturi yake: gari likisumbua, abiria wote hushuka, huzunguka boneti, na kila mmoja ana haki ya kutoa tiba. Dereva asiyesikiliza aliitwa mwenye kiburi. Sauti kubwa kuliko zote ilikuwa ya Mzee Thomasi, aliyewahi kukata miwa kwenye mashamba ya sukari na kwa hiyo akahesabiwa mtaalamu wa mitambo. Alimwomba mama mmoja mche wa sabuni, akausugua kwenye mkanda unaozunguka, na kelele zikakoma. Tulipofika Mbingu zilikuwa zimerudi. "Basi umelegea," akasema Mzee Thomasi. "Kaza." Baba akachomeka mpini wa jembe nyuma ya alteneta, akauvuta mkanda mpaka ukawa mgumu kama waya, akafunga nati. Kimya. Abiria wakapiga makofi. Tangu siku hiyo, mlio ukijaribu kurudi, baba alikaza zaidi. Mkanda uliokazwa kupita kiasi huvuta puli upande mmoja kutwa nzima, na beringi ya pampu ya maji hujila yenyewe polepole. Nani angemwambia?

Ndipo ukaja mngurumo mpya, mzito, wa chini chini. Mimi niliusikia kwa kuwa nilikaa mbele, miguu yangu karibu na injini. Nilimuuliza baba ni nini.

"Hiyo ni sauti ya kazi, mwanangu," alisema. "Kulia ameacha, sasa anachapa kazi."

Mwezi huo tulikuwa tumehamia shambani, tukilala kwenye dungu na kuwinga ndege wasimalize mpunga. Mdogo wangu Deo, ambaye hata shule alikuwa hajaanza, akashikwa na homa. Mwanzoni alilia hadi jirani wa madungu ya mbali wakaja kuuliza. Mama alimpa vidonge tulivyokuwa navyo, akamkanda kwa maji. Kisha asubuhi moja Deo akanyamaza. "Afadhali," mama alisema, "amepoa." Sote tulifurahia ule utulivu. Baba alipokuja na gari kabla ya adhuhuri, alimfunua kope, akamtazama kwa muda.

"Mama Adela, huyu hajalala."

Tuliondoka bila mzigo wala abiria. Tulipokwisha kuipita Mbingu, pampu ilisambaratika. Mkanda ukakatika, feni ikarukia rejeta, maji ya moto yakamwagika barabarani. Baba alifungua boneti akaishika puli, ikacheza mkononi mwake kama jino bovu. Akachota maji ya mtaroni, akamwaga juu ya injini, akawasha, tukasogea kidogo, likachemka, akazima, akachota tena. Mama alikuwa amesimama kando, Deo mgongoni.

"Baba Adela, liache gari."

"Nivumilie kidogo, linakubali hili."

"Mtoto huyu, Baba Adela!"

Baba hakuinua kichwa. Mama akageuka akaanza kutembea, nami nikamfuata nimeshika ndala zake, maana tope lilikuwa linazivua. Nyuma yetu gari liliwaka na kuzima, likawaka, likazima, kisha hatukulisikia tena. Tulitembea sana kabla ya kijana mwenye baiskeli kutuhurumia. Jua lilikuwa linazama tulipofika hospitali.

Deo alipona. Misa ya shukrani ilisomwa, kuku akachinjwa. Siku moja baadaye mfuniko wa sufuria ulimponyoka mama nyuma ya mgongo wa Deo, na Deo hakugeuka. Mama akauokota. Akauangusha tena, makusudi. Akauangusha tena. Daktari alisema homa kali ikikaa kichwani huweza kuchukua masikio, na kwamba hakuna awezaye kusema kama kuwahi kungesaidia. Baba aliliuza gari kama chuma chakavu na hakushika usukani tena mpaka tulipomzika.

Siku hizi barabara ya kutoka Kidatu ni lami tupu, na pampu ya maji naagiza asubuhi, jioni naifunga. Bodaboda zipo hadi mashambani. Ningekuwa na nusu ya haya masika yale, au nusu ya ninayoyajua sasa! Katika bonde hili simjui anayenizidi kwa kusikiliza injini, na sitamki hivyo kwa kujifurahisha. Jumapili nikienda Mofu namkuta Deo, sasa mtu mzima mwenye watoto, ameinama kwenye jaruba la mpunga, mgongo wake kwangu. Simwiti. Navua viatu, nazunguka ndani ya maji mpaka mbele yake, nasimama, nangoja ainue uso.