Mguu wa Farasi wa Shangazi

Asubuhi hii wakimbiaji wa Kaptagat walinipita wakinukia dawa ya kuchua, harufu hiyo ikanikumbusha shangazi, miaka mingi iliyopita, akiwa amepiga magoti kwenye umande, akiuchua mguu wa farasi wake. Ulikuwa umeota uvimbe mgumu kama mfupa, na baba alitaka farasi auzwe.

"Huyo hatavuta mkokoteni wa maziwa tena," baba alisema.

"Atavuta. Wacha apumzike kwanza," shangazi akamjibu.

Mvua zote za msimu ule alibeba maziwa mgongoni mwenyewe. Jioni aliumwagia ule mguu maji baridi ya kisima, kisha akaufunga bandeji. Uvimbe ulibaki, lakini maumivu yaliisha. Siku farasi alipovuta mkokoteni bila kuchechemea, baba mwenyewe aliwafungulia lango.

"Pita, dada," alisema polepole.